Mgeni wa Ilias

Sina tabia ya kulia mbele ya watu, na Jumamosi ile nilikuwa nimejiapiza kwamba sitalia. Nilikuwa naenda mtaa wa Cibitoke, hapahapa Bujumbura, kuaga. Jumatatu saa moja asubuhi nilitakiwa niwe ndani ya basi la Gitega, pembeni ya shangazi yangu Lisette, kwenda kuanza kazi ya ofisi ambayo Papa alinitafutia kwa rafiki yake wa zamani. Mshahara wa kila mwezi, meza yangu mwenyewe, na chumba nyumbani kwa shangazi. Kila mtu kwetu Ngagara alinipongeza. Mimi nilisema asante, nikaingia chumbani, nikajifungia.

Papa hakuficha sababu.

"Miaka mbili unajitolea, Orlane," aliniambia. "Leo unajitolea, kesho unajitolea, mwisho utajitolea na maisha yako yote. Na habari za uyo fundi pia nimezisikia. Yamekwisha."

Akanipiga marufuku kukanyaga Cibitoke kwa majuma matano. Papa yangu, Zénon, alifanya kazi serikalini miaka thelathini, na akikataza jambo hata paka wa nyumbani anatii. Na mimi nilitii. Hilo ndilo lililonitia hasira zaidi, kwamba nilitii.

"Uyo fundi" ni Ilias. Alikuwa na karakana ya mbao na vyuma, na kila Jumamosi aliigeuza kuwa ya chama chetu, Tukae Pamoja. Tuliwasaidia watoto ambao miili yao haiwezi kukaa yenyewe, wengine wamezaliwa hivyo, wengine ni homa kali iliyowapitia wakiwa wachanga. Mama zao huwaacha wamelala mkekani mchana kutwa, si kwa ukatili, ni kwa sababu mtu lazima atoke akauze nyanya ndipo jioni pawe na chakula. Ilias aliwatengenezea viti kwa mbao, sifongo, na mikanda ya usalama iliyofunguliwa kwenye magari mabovu. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba kumpima kila mtoto.

"Usiniletee namba," Ilias aliniambia siku ya kwanza kabisa. "Namba inadanganya. Niletee uzi."

Basi nilipima kwa uzi. Fundo la kwanza mgongo, la pili paja, la tatu shingo. Uzi mmoja, mtoto mmoja. Kila Jumamosi niliuweka mkononi mwake, na kwa miaka miwili vidole vyetu vilikutana pale kwenye uzi, vikachelewa kidogo kuachana, na hakuna aliyefungua mdomo. Nilimpenda. Nasema wazi kwa sababu siku ile ndiyo niliyochoka kuficha.

Papa aliniruhusu kwenda kuaga kwa sharti moja, shangazi anisindikize. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la sita, na huyu dada yake Papa ndiye aliyenifundisha kila kitu ambacho binti hawezi kumuuliza baba. Kwetu, shangazi wa upande wa baba ndiye anayemkalisha binti chini siku za kuelekea ndoa. Akirukwa yeye, harusi ina kasoro hata kama kuna maua na kamera. Mimi humwita Masenge, na neno lake Papa hulisikiliza kuliko la padri.

Tulipoingia uani mwa karakana, viti vinane vilikuwa vimepangwa ukutani, vimepakwa rangi, na familia zimekaa kwenye mabenchi zinangoja kukabidhiwa. Ilias alikuwa amepiga goti anapigilia msumari. Akainua kichwa. Akaniona. Nyundo ikabaki hewani.

"Mugeni yetu uyo!" akapaza sauti. "Karibu, mugeni! Tulisema umetusahau!"

Ulikuwa utani tu. Majuma matano sikuonekana, basi nimekuwa mgeni kwangu mwenyewe. Watu wakacheka, nami nikacheka, na moyo niliouamuru utulie haukutulia hata kidogo. Ilias alijifuta mikono kwenye suruali, akaja kumsalimia shangazi kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa kama inavyotakiwa. Hapohapo Irène, mama wa Kelly, akanishika mkono.

"Orlane, kuja umuone Kelly. Ameongeza urefu, sijui kama kiti itamutosha."

Nikaenda. Kama nisingeenda, kisa hiki kisingekuwepo.

Kiswahili cha shangazi kilikuwa cha kununulia chumvi, lakini akiwa Bujumbura alipenda kukionyesha kwa heshima ya wenyeji. Niliwasikia nyuma yangu, yeye na Ilias, huku nimeinama kwa Kelly.

"We, mwanaume. Umesema mugeni?"

"Ndio, Mama."

"Mugeni ya nani?"

"Yangu!" Ilias akacheka. "Wengine waliogopa kumuita. Mi ndio nilimupigia simu mpaka akakubali."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi ule mwingine. Na ningemungoja ata mwaka muzima."

"Na papa yake anajua?"

"Anajua vizuri, Mama. Mara ya kwanza ni yeye mwenyewe alimuleta apa na gari yake."

Kisha sauti ya shangazi, imepungua.

"Na mi? Juu ya nini mi sikuambiwa?"

"Ah, Mama, si jambo kubwa. Anakaa na sisi leo, anakula kidogo, jioni anarudi kwao."

Hapo nikageuka. Shangazi alikuwa amejikalia juu ya rundo la mbao, mkono kifuani, anamtazama Ilias namna ambavyo mtu humtazama mwizi. Ndipo nikaelewa, na damu ikanipanda mpaka masikioni.

Kwa Kirundi, mtu aliyekutembelea ni umushitsi. Umugeni ni bibi harusi. Sisi wa mjini tunaruka kutoka lugha moja kwenda nyingine mchana kutwa na hatukosei, maana tunajua ni lugha gani imekaa mdomoni. Shangazi yangu wa Gitega alijua neno hilo kwa maana moja tu tangu azaliwe. Kwa masikio yake, mwanamume mwenye mafuta ya mashine mikononi alikuwa amemwambia kwamba Orlane ni mke wake tangu mwezi uliopita, kwamba Papa alimleta kwa gari, na kwamba si jambo kubwa.

Sikuwahi kumzuia. Alikuwa ameshatoa simu.

"Zénon!" alimpigia kelele kaka yake kwa Kirundi. "Mtoto wangu umemwoza lini? Bila mimi? Bila hata soda moja? Na kwa mwanamume anayesema mke anakaa leo, jioni anarudi kwao!"

Papa alijibu nini sikusikia. Nilisikia tu simu imekatwa.

"Masenge, si ivyo!" Nilipiga magoti mbele yake, nikamweleza, maneno yananigongana. Mugeni ya Kiswahili ni mushitsi. Hakuna ndoa. Hakuna kitu. Ilias alisimama nyuma yangu, kiganja kimeziba mdomo.

"Mama, unisamehe," alisema. "Kirundi ninajua. Ila we uliniuliza na Kiswahili, na mi nikajibu na Kiswahili."

Shangazi alitutazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka kilemba kikamwinama, mpaka machozi yakamtoka, na mama wote mabenchini nao wakaangua kicheko.

"Mana yanje, Mungu wangu, sasa ndio ninapumua!" akasema. "Na mi nilijiambia, Orlane, binti ya Zénon, na uyu..." Akamwonyesha Ilias kwa kidevu, suruali yake, kofia yake ya kufuma, vyote kwa pamoja. "Si ningekufa!"

Wakacheka tena. Ilias naye alicheka, lakini macho aliyaweka chini, kwenye vumbi la mbao. Kicheko chake ndicho kilichonichoma. Sote tulikuwa tunacheka kana kwamba jambo lenyewe haliwezekani, na yeye alikuwa anatusaidia kucheka.

"Muko munacheka juu ya nini?" nikauliza.

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Masenge, neno ulisikia vibaya. Lakini ningependa iwe kweli. Ilias akiniomba leo, leo nitakubali."

"Orlane, acha," Ilias akasema polepole.

"Siachi. Na we pia acha kuangalia chini. Jumatatu ninaenda Gitega."

Akainua uso. Hakuwa na habari. Mkono wake ukatafuta benchi ulishike.

"Jumatatu gani?"

"Iyi. Papa amenitafutia kazi. Leo nilikuja kuaga."

"Na nyuzi?" akauliza. "Watoto, nani atawapima?"

Nilitamani kumrushia nyundo yake mwenyewe.

"Nyuzi? Miaka mbili, Ilias! Miaka mbili ninakuletea nyuzi, unanishika vidole unajifanya hujui, nami ninajifanya sijui. Leo ninakuambia ninaenda, na unaniuliza nyuzi?"

"Siulizi nyuzi." Akanisogelea hatua moja. "Niko natafuta fasi ya kuanzia, Orlane. Sina mazoea."

"Anzia popote."

"Ninakupenda," akasema. "Iyo ndio nilikuwa natafuta."

Irène alitoa mguno mdogo nyuma yangu. Mimi sikusogea. Tulitazamana mbele ya watu wote wale, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyegeuza macho. Nilimwona vizuri, kovu dogo juu ya nyusi, vumbi la mbao kwenye kope. Kama shangazi asingekuwa pale ningempangusa.

"Bon," shangazi alisema, na alikuwa amekwisha kucheka. "Kama mulijua kuanza, basi mujue na kuendelea. Weye mutoto wa watu, uko Muislamu?"

"Ndio, Mama."

"Uyu amebatizwa. Utamugeuza?"

"Apana, Mama. Kwetu mwanaume anaruhusiwa kuoa mwanamuke Mukristo. Jumapili nitamusindikiza mpaka kwa mulango ya kanisa, na kumungoja nje pia ninaweza."

"Na watoto wenu?"

Niliomba kimoyomoyo aseme neno tamu la kutupitisha, na hakulisema.

"Kwetu watoto wanafuata baba, Mama. Sitakudanganya. Iyo itaumiza watu ya kwenu, ninajua. Tutaizungumza na wazee, na mbele ya Orlane, si nyuma yake."

"Na nikisema apana?"

"Nitarudi tena kukuomba."

Shangazi alifungua kilemba, akakifunga upya, polepole, kazi aliyoifanya kila alipotaka muda wa kufikiri. Mabenchini watoto walianza kulia kwa kuchoka. Mapenzi ni mapenzi, lakini familia nane zilikuwa zimetoka makwao tangu alfajiri, nyingine kwa miguu. Nikamwinua Kelly.

Kelly ana miaka mitano na maisha yake yote alikuwa ameyaona akiwa chali. Nilimweka kitini, Ilias akapiga goti upande wa pili. Mkanda wa kifua ulikuwa mfupi, kweli alikuwa ameongezeka.

"Nani anashika kichwa?" Ilias akauliza. "Irène, we mushike miguu. Ninataka mutu wa kichwa."

Mikono iliyokuja ilikuwa ya shangazi. Alikishika kile kichwa kidogo kwa viganja viwili huku Ilias akitoboa tundu jipya karibu na ncha ya mkanda, na mimi nikaubana. Kisha shangazi akaachia, kidogo kidogo. Kichwa kikayumba, kikatulia. Kelly akatazama mbele.

Irène alikuwa amechuchumaa hapo mbele yake. Walitazamana, mama na mtoto, macho kwa macho. Irène akafunika mdomo kwa kitenge.

"Anafanana na baba yake," alisema. "Sikujua. Miaka mitano sikuwahi kuona."

Kiapo changu cha kutolia kilikomea hapo. Nililia waziwazi, pua na yote, na sikuona haya. Shangazi alisimama nyuma ya kiti, mikono bado iko hewani pale kilipokuwa kichwa cha mtoto.

"Na uyu nani alimupima?" akauliza.

"Ni Orlane," Ilias akajibu.

Shangazi akanivuta pembeni, karibu na mlango mdogo wa nyuma unaotokea kwenye barabara ya mafundi. Alinishika uso. Safari hii alisema kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, namna alivyokuwa akizungumza nami utotoni.

"Sikiliza. Baba yako yuko njiani, namjua, ameshawasha gari. Tukitoka sasa kwa mlango huu, mimi nitamwambia nilisikia vibaya. Ndio ukweli, nilisikia vibaya. Atanicheka mwaka mzima, na yatakwisha. Jumatatu unapanda basi. Hakuna atakayekuwa amekuona ukimkosea baba yako heshima."

"Na Ilias?"

"Mwanamume mkweli. Nimemwona. Lakini wakweli hata Gitega wako."

Nakiri kwamba niliutazama ule mlango. Ulikuwa wazi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na sikuwahi kumjibu Papa hata mara moja. Alitulea peke yake, mimi na ndugu zangu, baada ya mama kufariki, alikuwa akitupigia pasi sare za shule saa kumi na moja asubuhi kabla ya kwenda kazini. Kumuumiza Papa halikuwa jambo dogo kwangu. Ningetoka kwa mlango ule, ningebaki binti mzuri, na kila Jumamosi huko Gitega ningeketi kwenye meza yangu mwenyewe nikijiuliza ni nani anampima mtoto gani.

"Masenge," nikasema, "majuma matano nilijaribu kuwa mbali naye. Niliweza kula, niliweza kulala. Naweza kuishi Gitega, sitakufa. Lakini sitaki."

"Basi usiseme ukiwa unalia," akasema. Akachukua ncha ya kitenge chake, akanipangusa uso kwa nguvu, kama mtu anayesugua sufuria. "Baba yako akiona machozi atafikiri umelazimishwa."

Gari lilisimama nje. Mlango wake ulibamizwa. Papa aliingia uani na shati lake la nyumbani, kandambili miguuni, yeye ambaye hatoki bila kufunga kamba za viatu. Alimtazama Ilias, akawatazama watu, akanitafuta mimi.

"Lisette ananiambia nini?" Aliuliza kwa Kirundi, anahema. "Umeolewa?"

Shangazi alikuwa pembeni yangu. Ilikuwa zamu yake kusema alisikia vibaya, na alifungua mdomo, kisha akaufunga. Ilias alipiga hatua mbele. Nilimwekea mkono kifuani, mara ya kwanza kumgusa bila uzi.

"Ngoja," nikamwambia. "Uyu ni papa yangu. Acha nianze mimi."

Nikatembea mpaka mbele ya Papa.

"Sijaolewa, Papa. Masenge alisikia neno moja vibaya. Lakini huyu nataka anioe, naye anataka, na atakuja kwako na wazee wake kama inavyotakiwa. Na Gitega siendi."

"Umesema nini?"

"Gitega siendi. Kazi yangu iko hapa. Kama haina mshahara nitatafuta nyingine ya siku tano za juma, lakini Jumamosi yangu ni hapa."

Macho ya Papa yalikwenda kwenye kiti cha Kelly, yakakaa pale muda kidogo, yakarudi kwangu. Nilimwona anazeeka mbele yangu, na nilitamani kumkumbatia, na sikumkumbatia kwa sababu ningelegea.

"Ingia garini," akasema.

"Zimebaki familia saba, Papa. Nikimaliza nitakuja mwenyewe nyumbani, nitakueleza yote toka mwanzo."

"Orlane. Nimesema ingia garini."

"Nimesikia, Papa. Nikimaliza."

"Na ukikuta mlango nimeufunga?"

Kwa upande wa jicho nilimwona shangazi akimchukua mtoto aliyefuata kutoka kwa mama yake, anamweka begani, anangoja.

"Nitabisha," nikamwambia. "Usipofungua leo nitakuja kesho nibishe tena. Nitabisha mpaka unifungulie, Papa, kwa sababu na wewe pia siwezi kukuacha."

Papa aligeuka, akatoka, nikasikia mlango wa gari ukifungwa. Nilisubiri kusikia injini. Niliendelea kusubiri. Ilias akanyoosha mkono, nikampa uzi wa mtoto wa pili, uliokuwa umefungwa kwenye kiti chake, na tukaanza kumfunga mikanda, na huko nje gari la Papa lilikuwa bado limesimama.